Mapigo Manane ya Kimya

Mwanangu Nasra,

Umetoka sasa hivi kwenda Ilford kununua kufuli la sanduku, na umesema utarudi kabla ya magharibi. Kwa hivyo nina alasiri moja. Nimekaa jikoni upande wa dirisha, na chai uliyonitilia bado ina moto. Ukiona mwandiko unalegea mahali, ujue ni pumzi, si kalamu. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu Kiswahili unakisikia vizuri kuliko unavyokisoma, na jambo hili sikutaka kuliandika kwa Kiingereza.

Sitakwambia ule nini huko Maskati unakokwenda kesho kuanza kazi, wala usali saa ngapi. Hayo mama yako alikufundisha, na shangazi yako atakukumbusha hata usipomwomba. Nataka kukwambia mambo mawili niliyokudanganya. La kwanza lina miaka kumi na mitatu. La pili lina wiki tatu. Siwezi kuyafikia moja kwa moja. Itabidi nipitie kwenye muziki ambao hujui kwamba baba yako aliwahi kuupiga.

Kijana wa Unguja niliyekuwa mimi alifundisha hesabu asubuhi na kupiga kilarineti jioni. Nilijifunza katika bendi ya vijana iliyopita mitaani siku za sherehe, kisha klabu yetu ya taarab ikanichukua kwa kuwa haikuwa na mpiga nai, ile filimbi ya mwanzi. Baada ya Mapinduzi klabu ile ilitawanyika, na sisi tukatawanyika nayo. Sitaki kukusimulia Mapinduzi leo, umeyasikia kwenye kila shughuli ya watu wetu hapa London mpaka umeyachoka. Ninachotaka ujue ni kwamba siku tulipoondoka, mama yako aliifungua ile kilarineti vipande vyake vitano, akakifunga kila kipande kwenye kanga yake, akavipanga katikati ya nguo. Wanawake wengine walificha dhahabu. Yeye alificha kilarineti yangu. Likumbuke hilo, kwa sababu ndilo linalofanya yanayofuata yawe mabaya zaidi.

Hapa nilipata ukarani wa reli, kwenye ofisi ya vitu vilivyosahauliwa na abiria. Siku moja akaja dereva mmoja wa basi, mfupi, shingo nene, jina lake Leni. Alikuwa amepoteza kitu kwenye treni, kitu cha fedha, kama kikombe kidogo cha yai. Nikamuuliza, kina kirefu au kifupi? Akanitazama.

"Karani wa reli anajuaje kwamba mdomo wa tarumbeta una kina?"

"Kwa sababu mimi ninapiga kilarineti."

"Jumapili mchana una kazi gani?"

Sikuwa na kazi. Ndivyo nilivyoingia kwenye bendi ya Leni, iliyokuwa ikipiga jazi ya zamani kila Jumapili mchana katika baa moja upande huu wa mashariki. Nasema baa, Nasra. Mama yako nilimwambia nimepangiwa zamu za Jumapili.

Muziki wenyewe ulikuwa wa watu weusi wa New Orleans na miji ya jirani, wa kabla sijazaliwa. Leni aliupenda kama watu wazima wanavyopenda kitu walichokipata ukubwani, kwa ukali. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye piano ya pale kabla watu hawajaingia, akanionyesha ragtaimu, ambayo alisema ndiyo mzazi mmoja wa jazi. Mkono wa kushoto unatembea kama askari, chini juu, chini juu, haukosei. Mkono wa kulia hautaki kutembea na askari. Unatia uzito kabla mguu haujakanyaga, au pale ambapo mguu uko hewani.

"Usiuharakishe wa kushoto," alisema. "Huo ukiyumba, wa kulia hauna wa kumchokoza."

Mzazi wa pili alisema ni bluzi. Huo niliuelewa papo hapo. Vipimo kumi na viwili, kila kipimo mapigo manne. Mwimbaji anasema neno lake, analirudia, halafu analijibu. Na kila anapomaliza mstari anaacha nafasi, chombo kinamwitikia. Nikamwambia Leni, hata kwetu vyombo humjibu mwimbaji. Akasema, "Basi nusu ya kazi imekwisha, Profesa." Aliniita Profesa tangu siku ile, kwa sababu nilikuja na karatasi na penseli.

Nusu iliyobaki ilinishinda kwa miezi. Kwetu kwenye taarab, fidla, udi, kanuni na kodiani zote hufuata njia moja ya lahani, kila mtu akiipamba kidogo kwa mkono wake. Kupiga kitu chako mbali na wenzako ni utovu wa adabu. Kwa hivyo nilimsikiliza Leni akipiga tyuni kwenye tarumbeta, nami nikaingia nayo ile ile, sambamba, kwa heshima zangu zote. Akasimamisha bendi.

"Profesa, unanikanyaga."

"Mimi nimekaa huku, wewe uko kule."

"Masikioni. Tyuni ni yangu mimi. Tromboni inakaa chini, inaburuza. Wewe kaa juu, zunguka, fuma, panda darini ukitaka. Nikienda wewe subiri, nikisubiri wewe nenda."

"Sote watatu kwa pamoja, na hakuna aliyeandika?"

"Sote watatu kwa pamoja. Tunasikilizana."

Mpiga tromboni, fundi bomba kutoka Barbados, akacheka mpaka akakaa. "Mwache, Leni," alisema, "huyu kafundishwa adabu. Itamtoka tu."

Haikunitoka haraka. Nilijifunza kwamba noti mbili ndogo hazigawani pigo sawasawa: ya kwanza inakaa, ya pili inaruka, kama mtu anayechechemea kwa raha zake. Nilijifunza kwamba besi hukanyaga la kwanza na la tatu, na banjo huitika la pili na la nne, na kwamba watu wetu na Waingereza wa umri wangu wakipiga makofi huyaweka mahali pasipo pake. Lakini kosa langu kubwa lilikuwa lile la kimya.

Katika muziki huo kuna mahali bendi nzima hukatika ghafla. Vipimo viwili, mapigo manane. Hakuna banjo, hakuna ngoma, hakuna kitu. Mtu mmoja peke yake anayajaza mapigo yale kwa lolote alilonalo, halafu wote wanarudi pamoja kana kwamba hakuna kilichotokea. Jumapili moja Leni alinipa mimi nafasi hiyo. Nilikuwa nimeiandika nyumbani, noti kwa noti. Wakati ulipofika bendi ikakatika. Na mimi, Nasra, nikanyamaza pia.

Kwetu wote wakinyamaza, nawe unanyamaza. Huwezi kubaki unalia peke yako kama mlango. Nilidhani mtu amekosea, na adabu ikanishika mdomo. Mapigo manane yalipita baa nzima ikisikia bilauri zikigongana. Leni akarudi kwenye tyuni kwa wakati wake, na tulipomaliza akaja kuniinamia.

"Profesa, tulikunyamazia wewe."

"Nilidhani tumepotea."

"Hakuna aliyepotea. Mguu wa kila mmoja wetu ulikuwa unahesabu. Sisi tukinyamaza ili useme, nawe ukinyamaza, nani aseme?"

Jumapili iliyofuata niliiacha karatasi nyumbani. Bendi ikakatika, nikaona mguu wa Leni ukipiga sakafu taratibu, nikapuliza. Sijui nilipiga nini. Najua kwamba kwa mapigo manane sikuwa mkimbizi, wala karani, wala mtoto wa mtu. Kisha wenzangu wakarudi wakanikuta nilipo. Sina raha nyingine ya kuilinganisha na ile, isipokuwa siku uliyozaliwa, na siku hiyo nilikuwa na hofu nyingi.

Nikaendelea hivyo miaka, nikimwambia mama yako ni zamu.

Wakati mmoja Leni alinieleza jinsi watu wa New Orleans walivyokuwa wakizika kwa bendi. Kwenda makaburini polepole, ngoma imefunikwa kitambaa isitoe mlio mkali. Maiti akishazikwa, kitambaa kinatolewa, wanarudi mjini wakipiga ya kucheza. Nikamuuliza, kurudi na furaha ya nini? Akasema, "Ya kwamba wewe unarudi." Sisi tunazika kwa dua na kimya. Niliona ni ajabu tu ya watu.

Kisha ikaja Jumapili ile. Nilishuka kwenye basi na kilarineti yangu ndani ya mfuko wa soko, nguo zimejaa moshi wa sigara za watu wengine, midomo imenivimba. Nilipofika mlango wa fleti nikaona viatu. Viatu vingi, vya kiume upande mmoja, vya kike upande mmoja, vimejaa mpaka kwenye ngazi. Ndani wanasoma Yasini. Nilisimama pale kama mgeni, nikijiuliza nani kafa kwangu.

Alikuwa mama yangu. Simu ilikuja kutoka Unguja asubuhi. Mama yako alipiga ofisini kwetu, akaambiwa Jumapili hakuna mtu wa idara ile, wala hajawahi kuwapo. Hayo aliyasikia peke yake, akaiweka simu, akaanza kuwaita watu na kuchemsha chai. Kila aliyeniulizia alimjibu, "Yuko kazini, maskini. Reli haina Jumapili."

Alinisikia mlangoni kabla ya wote. Akatoka, akaupokea mfuko mkononi mwangu kabla jicho la mtu halijaufikia. "Mama katutoka," alisema. "Kaoshe uso kwanza, kisha uingie." Basi. Nilikuwa mtu wa mwisho kufika kwenye hitima ya mama yangu. Watu walipoondoka aliniuliza neno moja tu, akifuta meza: "Mdomo umekuvimba. Umekula nini?" Nikasema pilipili. Akatikisa kichwa, akaendelea kufuta.

Jumapili iliyofuata sikwenda. Wala iliyoifuata hiyo. Leni alikuja ofisini mara mbili, mara ya pili nilimwambia mwenzangu aseme nimetoka. Sikumwambia mtu yeyote kwa nini. Nilikuwa nimejihukumu: muziki ule ndio ulioninyima kumlilia mama yangu kwa wakati. Ilinichukua miaka kuona kwamba muziki haukunizuia kitu. Kilichonizuia ni uongo. Lau mama yako angejua nilipo, angetuma mtu, ningefika.

Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata msiba ule, tulipokuwa tumeshakata tamaa ya kupata mtoto.

Sasa nakuja kwenye la kwanza. Nimekunywa maji, nimepumzika.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja uliporudi shule na kisanduku cheusi. Uliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yako, kwamba shule imekuazima kilarineti. Ukawa unafanya mazoezi bafuni kwa sababu ya mwangwi. Nilikuwa nikikaa kwenye ujia, gazeti mkononi, silisomi. Mlikuwa mmepewa wimbo mmoja mdogo wa kitoto, wa mwendo wa kutembea. Na wewe uzito wake hukuuweka pale ulipoandikwa. Uliuchelewesha. Uliuweka pale mguu ulipo hewani, ukaurudisha, ukaanza tena, ukaucheleweshea mahali pengine, ukacheka peke yako mle ndani. Hakuna aliyekufundisha. Mimi nilikuwa sijagusa chombo mbele yako hata siku moja.

Ningepaswa kugonga mlango. Badala yake nilisikia harufu ya sigara na kuona viatu ngazini.

Kisha mwalimu wako wa muziki, yule mwembamba wa Kiskoti, aliniita. Aliniambia, "Watoto wengine wakikosea husimama. Nasra akikosea hutafuta njia." Alitaka uingie masomo ya Jumamosi, mahali wanapochukua wachache. Alikuwa na fomu mkononi. Nikamshukuru, nikamwambia familia yetu haitaki, na kesho yake asubuhi nikakipeleka kile kisanduku mwenyewe, nikakikabidhi.

Uliporudi ulikitafuta chini ya kitanda.

"Shule wamekichukua," nilikwambia. "Mwalimu amesema yuko mwengine anayekifaa zaidi."

"Nani?"

"Hakunitajia."

Ukasimama kidogo, ukasema sawa, ukaenda kuosha vyombo. Hukulia. Nilijiambia, kama angekuwa anakitaka kweli angelia. Nililiamini hilo muda mrefu kwa sababu lilinifaa.

Hakukuwa na mwengine, Nasra. Mwalimu hakusema hivyo. Mwalimu alisema ulikuwa wewe.

Nimekuona harusini, wenzako wote wanapiga makofi, wewe umeshika mkoba kwa mikono miwili. Nimekusikia ukiwaambia marafiki zako kwamba huna sikio la muziki, umezaliwa hivyo, ukacheka. Kila ukisema hivyo nilikuwa chumba hicho hicho. Sikuwa na la kusema kwa sababu niliokuwa nao ulikuwa ni uongo mmoja tu, na ulikuwa umeshika mizizi ndani yako.

Mama yako alijua yote mawili, baa na kisanduku. Hakunikuta, alikisia. Alipolazwa ule mwaka wa mwisho tulikuwa tumekaa wawili, wewe umekwenda kutafuta maegesho ya gari, akanambia bila kunitazama, "Ile baa yako ilikuwa na dirisha?"

Nikasema lilikuwapo, linatazama barabarani.

"Ndani nisingeingia. Lakini dirishani ningesimama. Nilikibeba kile kitu kutoka Unguja, nilikuwa na haki ya kukisikia."

Kisha akasema, "Na mtoto umwambie." Nikasema nitamwambia. Kila nilipokwenda aliniuliza, "Umemwambia?" Nikasema bado. Siku ya mwisho hakuniuliza. Nadhani alikuwa amenikatia tamaa katika jambo hilo, na kufa umemkatia tamaa mumeo si mwisho niliomtakia.

La pili ni fupi. Wiki tatu zilizopita ulinipeleka kwa daktari, ukabaki nje. Nilipotoka uliniuliza kasema nini. Nikasema, "Kanambia nipunguze chumvi." Alilisema hilo kweli. Alisema pia kwamba moyo umechoka, mapafu yamejaa, na kwamba tuhesabu miezi, si miaka. Aliniuliza kama nina watu. Nikasema ninaye binti.

Niliona nikikwambia hutakwenda. Ungewaandikia wale wa shule ya Maskati kwamba huji, ungelifungua sanduku, ungesema ni uamuzi wako, na ungekuwa unanitazama kwa jicho lile la kuosha vyombo. Kwa hivyo nikapanga hivi: niandike barua hii, niifiche katikati ya nguo zako, uisome huko, mbali, wakati umeshaanza kazi. Nilijiona mwenye hekima. Jana nilifika mpaka kwenye sanduku lako, nikainua sweta, nikaona mkono wangu. Ulikuwa mkono ule ule uliobeba kisanduku cheusi. Nilikuwa naamua tena badala yako, kwa jina la mapenzi, na tena nakuachia uyajue peke yako mahali nisipokuwapo kuulizwa.

Sikuitia.

Nimelifungua kasha la mama yako badala yake. Kilarineti imo, vipande vitano, na kanga ni zile zile. Pedi zimekauka na kizibo cha kiungo kimepasuka. Niliiunga nikajaribu kuipuliza. Ilitoa sauti moja kama bawaba, nikalazimika kukaa kitandani robo saa. Iko kwenye kiti karibu na mlango. Sikupi ili uipige. Una miaka ishirini na minne, huenda hamu ilikufa, na aliyeiua ni mimi. Nakupa kwa sababu ni yako kwa mama yako, aliyeibeba. Ukitaka kuiacha pale kitini, iache.

Kesho baada ya chai ya asubuhi nitakupa barua hii mkononi. Gari ya uwanja wa ndege umeiagiza saa saba mchana. Hata ukisoma kwa mwendo wako, ukauliza neno hapa na pale, utakuwa na saa mbili. Ukiamua kwenda, nitakushikia mlango na sitajifanya mgonjwa. Ukiamua kuakhirisha, sitakwambia usifanye. Ukiamua kunikasirikia, kaa umekasirika, usiharakishe kumaliza kwa ajili ya saa ya ndege. Yoyote kati ya hayo nitayapokea. Ambalo siwezi tena ni kukuchagulia.

Mimi nitakuwa hapa hapa mezani. Utaniona nimekaa kimya, na najua kimya changu kimekutisha tangu utoto wako, umekisoma kuwa hasira, au msiba, au hukumu. Cha kesho usikisome hivyo. Sitakuwa nimepotea wala sitakuwa nimeondoka. Nitakuwa nimekunyamazia wewe. Ukitega sikio utausikia mguu wangu chini ya meza, unahesabu taratibu, unakusubiri.

Baba yako